Nimefanya mitihani sita ya majaribio, alama za GRE zimegoma kupanda

Mtafutaji_27

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wenu, hasa nyinyi mliokwisha kuuvuka mto huu.

Nimejisajili kufanya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, na zimebaki wiki 5 na siku 2. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili ya takwimu za afya. Idara ninayoiomba haijataja alama ya chini, ila niliozungumza nao ambao walipokelewa walikuwa na 160 na kitu kwenye hesabu. Kwa hiyo nimejiwekea lengo la 160 hesabu na 155 lugha.

Tatizo langu ni hili. Kwa wiki sita nimefanya mtihani mzima wa majaribio kila Jumapili. Hesabu nimepata 152, 151, 154, 153, 152, 153. Lugha 149, 151, 150, 150, 152, 150. Yaani niko palepale nilipoanzia. Mitihani mitano niliitoa kwenye tovuti tofauti tofauti, na wa sita ndio ule wa kwanza wa bure wa POWERPREP unaotolewa na ETS wenyewe, watungaji wa GRE. Wa pili wa bure sijaufungua.

Siku za kazi nasoma kuanzia saa nne usiku hadi saa sita: msamiati kwenye simu, kisha video za hesabu. Jumapili nafanya mtihani, naangalia alama, napitia niliyokosa, mengi nasema "aah, hili nilikuwa nalijua", nafunga kompyuta.

Nilikuwa nafikiria wiki hizi zilizobaki nifanye mitihani miwili kwa wiki. Au niahirishe? Jana nilikaa mbele ya ile 153 nikashindwa hata kuinuka. Naomba kuwasilisha.

---

Bandari_Salama

Pole mkuu, usikate tamaa. Mimi ningekushauri uongeze mitihani. Nilifanya 12 kabla ya mtihani wangu na siku yenyewe sikuwa na woga hata kidogo, kila kitu nilikuwa nimeshakiona. Mwili unazoea, macho yanazoea ile saa inayorudi nyuma kwenye skrini. Kaza buti.

---

Kalamu_Nyeusi

Mkuu Mtafutaji, usiahirishe bado, na kwa sasa usiongeze mtihani hata mmoja. Bandari_Salama yuko sawa kuhusu woga, mitihani mingi inautoa. Lakini wewe hujasema una woga. Umesema alama hazipandi, na hilo ni gonjwa lingine.

Naandika kirefu kwa sababu hapo ulipo nimewahi kukaa miezi. GRE nimeifanya mara 2. Mara ya kwanza ilikuwa 2021, ule mtihani mrefu wa karibu saa 3 na dakika 45, kabla ETS hawajaufupisha Septemba 2023. Nilijiandaa kwa mitihani 11 ya majaribio. Nilikuwa na jedwali la alama ninalolifungua kila usiku kabla ya kulala. Siku ya siku nikapata 154 kwenye hesabu, alama ileile ya jaribio langu la kwanza kabisa. Mara ya pili, 2024, nilifanya mitihani 4 tu nikatoka na 163. Akili ni ileile. Kilichobadilika ni siku inayofuata mtihani.

Mzani haumpunguzii mtu unene hata akiupanda mara mbili kwa wiki. Mtihani wa majaribio ni mzani. Unakwambia uko wapi, basi. Pale unaposema "aah, hili nilikuwa nalijua" ndipo alama zako zilipofukiwa, na wewe unapita juu yake kila Jumapili ukienda kufunga kompyuta.

Nilichofanya mara ya pili ni hivi. Wakati wa mtihani, kila swali nililojibu bila uhakika niliandika namba yake pembeni. Nikimaliza, alama naziona, hilo haliepukiki, lakini sifungui majibu. Naondoka, nalala. Kesho yake narudi kwenye yale maswali niliyoyawekea alama, nayafanya upya kwenye karatasi safi bila saa yoyote. Swali linaweza kunila dakika kumi, sawa tu. Nikiridhika ndipo nafungua majibu.

Sasa una majibu mawili kwa kila swali gumu: la haraka na la taratibu. Ukilikosa haraka ukalipata taratibu, elimu unayo, kinachokuangusha ni muda au pupa. Ukilikosa mara zote mbili, hiyo mada huijui, hata kama uliwahi kutazama video zake tano. Ukilipata haraka ukalikosa taratibu, ulibahatisha, na hilo ni kosa kama makosa mengine ingawa mashine imekupa alama. Haya ya kubahatisha ndiyo yanayofanya alama ipande Jumapili hii na kushuka ijayo, halafu mtu anadhani anaendelea au anarudi nyuma wakati hajasogea popote.

Kisha daftari. Daftari la karatasi, na kwa kila kosa sentensi moja tu: nilifanya nini hasa. Usiandike "uzembe". Nilijaza kurasa nne nikiandika "uzembe, uzembe", sikujifunza kitu. Uzembe hauna dawa kwa sababu hauna umbo. Andika "nilihesabu kipenyo badala ya nusu kipenyo". Hiyo ina dawa.

Una mitihani sita imekaa bila kuchimbwa, hiyo ni mali. Chukua miwili ya mwisho tu, hesabu makosa yako kwa sababu zake, uje nayo hapa. Ule wa pili wa POWERPREP uufunge kabisa, tutautumia baadaye. Maswali yake yametungwa na haohao watakaokutungia mtihani, na utakuwa mpya kwako mara moja tu.

---

Mtafutaji_27

Mkuu Kalamu_Nyeusi, nimesoma jibu lako mara tatu. Imenichukua siku nne lakini nimemaliza.

Mitihani miwili ya mwisho ina maswali 54 ya hesabu. Nimekosa 23. Niliyakosa kwa sababu mada siijui ni 6, karibu yote ni uwezekano na mipangilio. Nilisoma vibaya au nikasahau sharti: 9. Muda uliniishia nikabofya chochote: 5. Nilikosea kukokotoa: 3. Na kuna 4 nilizopata ambazo nikizirudia taratibu siwezi kueleza nilizipataje.

Sikuamini ile 9. Nilikuwa nakesha na video za mada nikidhani sijui hesabu.

Mfano mmoja. Swali la kulinganisha: x si sifuri. Kiasi A ni x², Kiasi B ni x³. Kipi kikubwa? Nilichagua B. Kwenye karatasi yangu ya Jumapili ile nimeona nilijaribu 2 nikapata 4 na 8, nikajaribu 3 nikapata 9 na 27, nikaridhika.

Mwingine: kiasi kiliongezeka kwa asilimia 25 kikawa 150, kilikuwa ngapi mwanzo? Nimeandika 112.5. Nilikata asilimia 25 ya 150 badala ya kugawanya 150 kwa 1.25. Jibu ni 120. Kosa hilihili nimelikuta kwenye mitihani minne kati ya sita!

Lugha nimekosa 25 kati ya 54, ila huko bado sijui nizipangeje sababu zake.

---

Kalamu_Nyeusi

Umefanya kazi kubwa, hongera sana. Angalia sasa: katika makosa 23, ni 6 tu yanayodai usome kitu kipya. Zile saa mbili za usiku ulikuwa unazimwagia kwenye hizo 6.

Tukae kwenye hilo la x² na x³ kidogo. Sharti lilikuwa "x si sifuri". Halikusema x ni namba nzima, halikusema ni chanya. Wewe ulijaribu 2 na 3, ambazo ni namba za familia moja, ya pili haikukuongezea habari yoyote. Jaribu nusu: x² ni robo, x³ ni sehemu moja ya nane, A imekuwa kubwa. Jaribu 1: zimelingana. Jaribu hasi 1: A ni 1, B ni hasi 1. Jibu ni D, uhusiano haujulikani. Kwenye maswali ya kulinganisha, ukishapata namba inayofanya B iwe kubwa, kazi ya namba inayofuata ni kuivunja B, si kuithibitisha. Nenda moja kwa moja kwenye hasi, kwenye sehemu iliyo kati ya 0 na 1, kwenye 1 yenyewe, na kwenye sifuri ikiruhusiwa. Niliandika hizo nne juu ya karatasi yangu ya kukokotolea kila sehemu ya hesabu ilipoanza. Ilinichukua sekunde tano.

Kwa hizo 9 za kusoma vibaya, dawa yangu ilikuwa hii: kabla ya kubofya jibu narudi kusoma sentensi ya mwisho ya swali peke yake. Wanauliza nini? Kipenyo au nusu yake? Thamani ya x au ya 2x? Mwanzo inakera na inakula muda. Baada ya wiki mbili mkono unaifanya wenyewe.

Lugha sasa. Makosa yangu mengi huko hayakuwa kwenye maneno nisiyoyajua. Yalikuwa kwenye maneno niliyodhani nayajua. Mfano neno "qualified". Kichwani mwangu lilikuwa na maana moja: mtu aliyefuzu. Basi nikikutana na mwandishi aliyetoa "qualified support" kwa nadharia fulani nasoma kwamba anaiunga mkono kwa nguvu zote, kumbe anaiunga mkono kwa masharti. Kifungu kizima nakisoma kinyume. Au "sanction", ambalo mara ni kuruhusu, mara ni kuadhibu. Maneno marefu ya ajabu yanayojazwa kwenye simu yana nafasi yake, lakini fungua kwanza ukurasa wa daftari wa maneno ya kawaida yenye maana ya pili.

Na kwenye yale ya kuchagua maneno mawili kati ya sita, ulipokosa, je, ulitafuta jozi ya maneno yanayofanana ndipo ukairudisha kwenye sentensi? Mara nyingi huwa kuna jozi nzuri kabisa isiyohusiana na sentensi, imewekwa pale kwa ajili ya anayeanza na majibu. Ziba majibu kwa kiganja, jaza pengo kwa neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili, ndipo uondoe mkono. Swali linataka maneno yote mawili yawe sahihi. Ukipata moja hupewi nusu alama, na yale ya mapengo mawili au matatu ni hivyohivyo.

---

Saa_ya_Ukutani

Naomba nichangie hapo kwenye 5 za muda maana hilo ndilo lililonitesa.

Mtihani wa sasa ni saa 1 na dakika 58. Insha inatangulia, dakika 30. Kisha sehemu mbili za lugha, maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23, na mbili za hesabu, 12 kwa dakika 21 na 15 kwa dakika 26. Kwa hesabu ni kama dakika 1 na sekunde 45 kila swali, kwa lugha ni dakika 1 na nusu. Hakuna mapumziko katikati.

Mkuu Mtafutaji, je, hiyo mitihani mitano ya tovuti nyingine ilifuata hesabu hii? Hakikisha. Kuna mitihani mingi bado inazunguka ya mtindo wa zamani wenye maswali 20 kwa kila sehemu. Ukijizoeza nayo unaingia na mwendo usio wake. Na insha usiiruke hata kama unajiamini, kwa sababu siku ya mtihani utaanza lugha na hesabu ukiwa umeshachoka kwa nusu saa ya kuandika.

Ndani ya sehemu moja maswali yote yana uzito sawa. Hilo nilichelewa kulielewa. Nilikuwa napambana na swali la saba dakika nne kana kwamba lina alama nne, halafu swali la 11 na la 12, yaliyokuwa mepesi, siyafikii. Sasa hivi nikipita sekunde 90 bila njia, nachagua jibu lolote, naliwekea alama ya kurudi, natembea. Kukosa hakukati alama, kwa hiyo usiache swali tupu.

Jingine: ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiona ya pili imekuwa ngumu ghafla usiingiwe na hofu, huenda ni habari njema. Wala usikae kulipima hilo katikati ya mtihani. Fanya lililo mbele yako.

---

Bandari_Salama

Nakubaliana nanyi kwa sehemu kubwa, ila hiyo ya kuacha swali kwa sekunde 90 naiona ni hatari kwa mtu ambaye makosa yake 9 ni ya kusoma haraka. Mnamwambia apunguze pupa na hapohapo mnamwambia akimbie.

---

Kalamu_Nyeusi

Hoja nzito hiyo, na nimeifikiria. Mimi naona havigongani. Polepole wakati wa kusoma, haraka wakati wa kukata tamaa. Dakika nyingi hazipotei kwenye kusoma, zinapotea kwenye kulitazama swali ambalo dakika moja iliyopita ulishajua hulijui. Mtafutaji mwenyewe anaweza kutuambia: zile 5 za muda zilikuwa maswali ya mwisho ya sehemu, au ya katikati?

---

Mtafutaji_27

Zote 5 ni mbili za mwisho au tatu za mwisho. Na nimerudi kuyaangalia, matatu kati yake nimeyafanya sasa hivi kwa chini ya dakika moja kila moja. Inauma.

Na ndiyo, mitihani miwili kati ya ile mitano ilikuwa ya maswali 20. Sikugundua hadi leo.

---

Kalamu_Nyeusi

Basi mpango wako wa wiki nne na ushee zilizobaki ninavyouona. Wiki hii na ijayo usifanye mtihani mzima. Asubuhi, si usiku, fanya sehemu moja tu yenye saa, maswali 12 kwa dakika 21, na jioni uirudie bila saa. Mtihani wako ni asubuhi? Kama ni saa mbili asubuhi, ubongo unaoujenga saa tano usiku ukiwa umechoka na kazi si ule utakaokwenda nao. Uwezekano na mipangilio ipe siku tano mfululizo, basi. Kisha mtihani mmoja mzima wa muundo mpya. Kisha ule wa POWERPREP wa pili, siku 9 au 10 kabla, ili ubaki na muda wa kuuchimba. Siku mbili za mwisho soma daftari lako tu.

Unapofanya huo wa POWERPREP, uufanye kama ndiyo siku yenyewe. Kwenye kompyuta, umekaa mezani, simu chumba kingine. Tumia kikokotoo cha kwenye skrini, si cha simu, kwa sababu kile cha skrini ni cha taratibu na utaanza kujifunza lini usikitumie. Na unafanyia kituoni au nyumbani?

---

Mtafutaji_27

Nyumbani. Ni saa mbili asubuhi kweli.

---

Saa_ya_Ukutani

Kama ni nyumbani, kumbuka karatasi za kawaida haziruhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe na kalamu ya kufutika, au karatasi moja iliyo ndani ya mfuko wa plastiki angavu, pia kwa kalamu ya kufutika. Anza kuutumia leo. Mimi niliuzoea ubao kwa wiki moja tu, na siku ya mtihani nikafuta hesabu ya swali nililokuwa nataka kulirudia. Gawanya ubao kwa mstari katikati: kushoto maswali ya kurudia, hapafutwi hadi sehemu iishe, kulia ni pa kukokotolea.

---

Mtafutaji_27

Wakuu, nimerudi. Nimefanya jana.

POWERPREP ya pili ilinipa hesabu 158, lugha 154. Jana skrini imeonyesha hesabu 159, lugha 156. Ni alama za awali, rasmi zitakuja ndani ya siku 8 hadi 10. Sehemu ya pili ya hesabu ilikuwa ngumu kuliko nilivyowahi kukutana nayo na nilikumbuka maneno ya Saa_ya_Ukutani, nikaendelea. Maswali mawili nilibahatisha. Hakuna hata moja nililoliacha kwa kukosa muda.

Ile 160 imenikwepa kwa alama moja. Najua naweza kurudia baada ya siku 21, na mwisho wa kupokea maombi ni miezi miwili kutoka sasa. Nirudie?

---

Kalamu_Nyeusi

Nimefurahi kama ni mimi niliyeifanya. Kutoka 153 hadi 159 kwa wiki tano si jambo dogo.

Alama moja haitoshi kukurudisha. Hata ungeurudia kesho bila kusoma chochote, ungeweza kupata moja zaidi au moja pungufu. Idara haikutaja alama ya chini, na wewe una miezi miwili ambayo maelezo yako binafsi na barua za walimu wako zinaihitaji. Ungekuwa na 153 ningekwambia urudie bila kusita. Tuma hiyo. Alama zinadumu miaka 5, na mwakani ukihitaji kurudia, daftari unalo.

---

Mtafutaji_27

Sawa mkuu. Natuma. Leo jioni naanza maelezo binafsi.